Asilimia Thelathini

Mashine ya oksijeni ilizima Mzee Greda akiwa katikati ya hadithi. Alikuwa anamweleza mkwewe, mke wa mwanawe, jinsi walivyochonga barabara ya mlimani, yeye juu ya greda na wenzake nyuma na majembe, na alikuwa amefika mahali ambapo jiwe kubwa linaanza kuporomoka. Hakufika kwenye jiwe. Mashine ilipiga kelele kama mtoto aliyenyang'anywa kitu, kisha ikanyamaza, na chumba kizima kikabaki na sauti ya mvua juu ya mabati.

"Umeme umekwenda," alisema mzee.

"Haujaenda, baba. Umekatwa," alijibu mkwewe, tayari yuko mlangoni.

Kwenye korido, betri ilikuwa imetundikwa ukutani karibu na inveta, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa sola uwe wa nyumbani, nyeupe na safi kuliko kitu kingine chochote mle ndani. Kioo kidogo cha inveta kilionyesha namba moja tu: thelathini. Hicho ndicho kilichomchoma mwanamke yule. Betri ilikuwa na umeme. Asilimia thelathini ya umeme ilikuwa imekaa mle ndani, imefungiwa, na mtu mwenye ufunguo alikuwa mjini.

Mtaani walimwita Mama Vifaranga, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutotolesha mayai na kuuza vifaranga. Sanduku la mayai, lililokuwa refu kama kabati lililolazwa, lilikaa sebuleni, ukuta mmoja na chumba cha mkwewe, na waya wake mrefu ulipita chini ya mlango kwenda kwenye soketi ya chumbani humo. Nalo lilikuwa limezima. Aliweka kiganja juu ya kioo chake. Bado kulikuwa na joto. Ndani, kwenye trei ya chini, mayai yalikuwa yameanza kupata nyufa, na ukitega sikio ungesikia vilio vyembamba vya viumbe wasiojua kwamba nje kuna matatizo.

Alichukua simu, akampigia shemeji yake. Mwanamke wa kampuni ya simu akamjibu kwa upole kwamba namba anayopiga haipatikani. Akapiga tena. Upole uleule.

"Asilimia wewe," alisema peke yake. "Leo utanitambua."

Asilimia lilikuwa jina ambalo yeye mwenyewe alimpa shemeji yake, na hakuna aliyelijua nje ya nyumba ile. Shemeji huyo, kaka mkubwa wa mumewe, ndiye aliyewanunulia mtambo wote wa sola, kuanzia paneli za juu ya paa mpaka soketi ya mwisho. Betri ya kwanza waliiua wenyewe. Waliinyonya mpaka tone la mwisho, wakaishindilia chaji mpaka juu, wakairudia hivyo kila siku, mpaka ikavimba ubavu na kuacha kushika kitu. Ya pili alikuja nayo pamoja na masharti. Ni ya lithiamu, aliwaeleza siku ya kuifunga, akiwa amekunja mikono ya shati lake la ofisini. Haipendi kushiba mno na haipendi kukaa na njaa. Akaiwekea mipaka kwa simu yake: isichaji zaidi ya asilimia themanini, isishuke chini ya thelathini. Ikifika thelathini, inakata nyumba nzima. Mipaka hiyo ikafungwa kwa namba ya siri.

"Hivi itadumu mpaka mimi nizeeke," alisema.

Hakuwa amekosea. Miezi ya jua, betri ilifanya kazi kama saa. Tatizo lilikuwa kwamba ile simu yake ilimwonyesha pia kila kilichoendelea nyumbani kwao. Mama Vifaranga alikuwa akichemsha maji kwa jagi la umeme, halijatokota, simu inaita. "Shemeji, naona mzigo umepanda ghafla. Ni jagi hilo? Mkaa umeisha?" Aliuliza kwa adabu, tena kwa kucheka kidogo, na yeye alijibu kwa adabu, "Samahani shemeji, nazima," akiwa amesimama jikoni kwake mwenyewe, mtu mzima, uso umemwiva kwa aibu.

Alirudi chumbani. Mzee Greda alikuwa amejiinua, ameegemea mbele juu ya stuli, mabega yakipanda na kushuka. Maisha yake yote alikula vumbi la barabara, na sasa lile vumbi lilikuwa linadai nafasi yake. Bila mashine aliweza kukaa, lakini kila sentensi ilimgharimu.

"Umempata?" aliuliza.

"Nitampata."

"Ana kazi nyingi... yule. Usimsumbue."

"Baba, nyamaza kwanza. Hewa ni chache, usiigawe kwa watu ambao hawapo."

Mzee alitabasamu. Alimpenda mkwewe kwa sababu hakuwahi kumsemesha kama mgonjwa.

*

Mumewe, ambaye kila mtu alimwita Mwashi, alirudi kabla ya mchana. Mvua ilikuwa imefunga kazi kwenye jengo. Alimkuta mkewe amepiga magoti mbele ya sanduku la mayai, akipanga chupa za maji ya moto katikati ya trei na kufunika juu kwa mablanketi yao ya kitandani.

"Imekata?"

"Tangu asubuhi. Kaka yako hapatikani."

Mwashi alikwenda kumtazama baba yake, akarudi, akasimama mbele ya betri na mikono nyuma, kama mtu anayetazama picha ya marehemu. Alikuwa hodari kwa kazi yake. Ukuta wake haukuhitaji kupimwa mara mbili. Lakini mbele ya chochote kilichotoka kwa kaka yake alipungua kimo.

"Tusubiri kidogo," alisema. "Labda yuko kwenye kikao."

"Kikao cha tangu juzi? Juzi pia nilimpigia, ilipofika thelathini na tano. Nilitaka ashushe ule mpaka mapema. Hapatikani."

"Basi jua likitoka..."

"Jua liko wapi? Nionyeshe. Nitoke nikalishike mkono."

"Mke wangu, ile betri ni yake."

"Na yule mle ndani ni wa nani?"

Kutoka chumbani ilisikika sauti ya mzee, imekatika vipandevipande: "Msigombane... nasikia... mimi sijafa masikio."

Mchana mawingu yalipungua unene. Halikuwa jua, ilikuwa nuru nyeupe tu nyuma ya pazia chafu, lakini Mwashi alichukua ngazi haraka, akapanda kufuta majani na tope kwenye paneli. Mama Vifaranga alibaki chini akimpa matambara makavu. Inveta ile ilikuwa na tabia yake: ikishakata, hairudi mpaka betri ipande kidogo juu ya mpaka. Walisubiri. Thelathini na moja. Thelathini na tatu. Kisha kikasikika kile kishindo kidogo cha ndani, taa ya korido ikawaka, na mashine ya mzee ikaanza kunguruma.

"Ya baba peke yake," alisema Mama Vifaranga. Alikimbilia chumbani kwa mkwewe, akachomoa kwenye soketi waya wa sanduku la mayai. Vikiwaka vyote viwili, umeme ule ungeisha kabla hata sufuria haijachemka. Alimtazama mkwewe, akaona mrija uko puani na rangi inarudi kwenye midomo, akatoka tena nje kuongeza kuni na kuchemsha maji mengine kwa ajili ya zile chupa.

Alikaa nje muda. Kuni zilikuwa na unyevu, moshi ukamtoa machozi, Mwashi akiwa juu ya paa akawa anauliza namba na yeye akawa anaingia koridoni kuitazama na kupaza sauti. Thelathini na nne. Thelathini na tatu. Thelathini na tatu bado.

Alipoingia na sufuria, alishangaa kuona mwanga chini ya mablanketi. Taa ya sanduku la mayai ilikuwa inawaka. Feni yake ndogo ilikuwa inazunguka. Alidhani amechanganyikiwa, si alichomoa waya mwenyewe? Akaweka sufuria chini, akaingia chumbani.

Mzee Greda alikuwa amekaa vizuri kabisa, mgongo kwenye mito, mrija puani, mikono imepangwa juu ya magoti. Alionekana kama mtu anayepigwa picha. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Mama Vifaranga alitazama mashine. Ilikuwa imezimwa. Waya wake ulikuwa sakafuni, na kwenye soketi yake palichomekwa ule waya mrefu uliopita chini ya mlango kwenda sebuleni.

"Baba."

"Mama."

"Unanidanganya na mrija puani?"

Mzee aligeuza macho dirishani. "Wale wanalia," alisema baada ya kutafuta pumzi. "Nawasikia... ukutani. Mimi nimeshakula... miaka yangu. Wao hawajatoka... hata nje."

"Hao ni kuku!"

"Ni kazi yako."

Alikuwa na mengi ya kumwambia, lakini mikono yake ilikuwa imeshafanya kazi, imechomoa huu na kuchomeka ule, na mashine ilipoanza tena alikaa ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono wa mkwewe kwa nguvu kuliko alivyokusudia. Mkono ulikuwa baridi.

"Ukifanya hivyo tena," alisema, "nawachinja wote mbele yako. Kifaranga mmoja mmoja."

Mzee alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikutaka kuisha. Kilipoisha, koridoni kilisikika kile kishindo, na mashine ikapiga kelele na kunyamaza tena. Thelathini.

*

Safari hii mzee hakuwa na utani. Alifunga macho, akaiweka nguvu yake yote kwenye kuvuta na kutoa. Mwashi aliingia, akamwona, akatoka bila kuvua viatu.

"Natafuta gari. Tumpeleke hospitali."

"Barabara ya bondeni imejaa maji."

"Nitatafuta lori. Lori litapita." Alifika getini, akageuka. "Nisingesema tusubiri..."

"Nenda tu."

Alipobaki peke yake, Mama Vifaranga alimpigia fundi wa sola, yule aliyekuja kuufunga mtambo pamoja na shemeji. Simu yake mwenyewe ilikuwa imebakiwa na chaji kiduchu. Alieleza kwa haraka, akamaliza na, "Nipe namba ya siri."

"Mama, sina. Aliweka bwana mwenyewe. Na hata ningekuwa nayo, ule ni mtambo wake."

"Mzee hapumui, fundi."

Fundi alisema kwa sauti ya chini, "Nisikilize. Mimi sijakwambia kitu. Kuna vitufe viwili chini ya kioo cha inveta. Vibonyeze pamoja, usiachie mpaka kioo kizime. Itasahau kila kitu, mipaka, namba ya siri, vyote. Ikiwaka itakuwa kama imetoka kiwandani jana. Sasa hapo ndipo pabaya. Yenyewe itadhani imefungwa betri ya maji, zile za zamani. Ukiiacha hivyo, jua likitoka itaisukuma betri yako kupita kiasi. Lithiamu haivumilii. Inaweza kujifunga yenyewe isifunguke, au ikaharibika moja kwa moja. Kwa hiyo ichagulie aina, halafu weka volti za kuchaji. Usikosee. Volti zenyewe ni—"

Simu ikazima.

Alisimama mbele ya inveta na simu iliyokufa mkononi. Volti ngapi? Ubavu wa betri ulikuwa na karatasi yenye maandishi madogo, lakini ubavu huo ulibanwa na ukuta. Alijaribu kuchungulia kwa kuegemeza shavu kwenye plasta. Aliona herufi mbili na utando wa buibui. Ilimjia picha ya betri ya pili ikivimba kama ya kwanza, safari hii kwa mkono wake, na sauti ya shemeji ikiuliza kwa adabu. Kisha akasikia pumzi kutoka chumbani, nyembamba, kama mtu anayepuliza kwenye chupa, na vidole vyake vikaenda kwenye vitufe.

"Hodi," ilisema sauti mlangoni.

Alikuwa Asilimia mwenyewe. Viatu alivishika mkononi, suruali ya kitambaa imekunjwa mpaka magotini, tope limemfika mapajani. Shati la ofisini lilimganda mwilini. Hakuwa na begi, ila mfuko mmoja wa plastiki uliofungwa fundo.

Mama Vifaranga hakumkaribisha. Hakumsalimu. "Toa simu," alisema. "Shusha mpaka. Sasa hivi."

"Shemeji..."

"Sasa hivi!"

Asilimia aligusa mfuko wa shati, kisha wa suruali, kama mtu anayejua hauna kitu. "Imeharibika," alisema.

"Basi nipe namba ya siri, nitaiweka hapa kwenye inveta."

"Simu ndiyo iliyokuwa inaijaza. Mimi... siikumbuki. Niliweka ndefu, ili..." Ili nyinyi msiibahatishe, ndivyo alivyotaka kusema, na wote wawili walilisikia bila kusemwa.

"Nenda kamwambie baba yako hivyo," alisema Mama Vifaranga. "Nenda. Kamwambie imeharibika."

Alikwenda. Alipomwona baba yake ameinama juu ya stuli, shingo imekaza mishipa, alipiga magoti na viatu vyake bado mkononi. Mzee alifumbua jicho moja.

"Umepata... ruhusa... kazini?"

"Sina kazi, baba." Lilimtoka kama kitu alichokuwa amekibeba mdomoni njia nzima. "Kiwanda kilitupunguza. Si mwezi huu, ni muda mrefu. Nimewadanganya. Nyumba nimeiacha, simu nimeiuza. Nilipoona mawingu hayaondoki nikajua betri itakata na hakuna wa kuifungua, na sikuwa na namba ya mtu hata mmoja kichwani. Nikaja."

Mzee aliinua kidole kimoja. Ilichukua muda maneno kufika.

"Hiyo... baadaye. Kwanza... pumzi."

Mama Vifaranga alikuwa amesimama mlangoni. "Unajua volti za ile betri?" aliuliza.

Shemeji yake aligeuka. "Najua kila kitu cha ile betri."

*

Walisimama koridoni bega kwa bega. Mama Vifaranga akabonyeza vile vitufe viwili. Namba thelathini ilibaki pale, ikibisha, kisha kioo kikazima chote na inveta ikatoa mlio mrefu wa kushuka. Kama haitawaka tena je?

Ikawaka. Maneno yakaanza kupita.

"Hapo inataka aina," alisema Asilimia. "Hiyo ya kwanza ni ya maji, usiiguse. Shuka. Shuka tena. Hapo, lithiamu. Bonyeza." Alitaja volti bila kufikiri, kama mzazi anayetaja tarehe ya kuzaliwa ya mwanawe, na Mama Vifaranga akaziingiza, nukta kwa nukta. "Sasa mpaka wa chini."

"Niweke ngapi?"

"Kumi."

Alimtazama usoni. "Wewe ndiye unasema kumi?"

"Kumi, shemeji. Ikifa, ife. Tutakuwa tumeitumia."

Kioo kikauliza namba mpya ya siri. Asilimia akageuza uso ukutani. "Weka wewe. Usiniambie."

Aliweka. Kishindo kile kikasikika, na nyuma yake, kutoka chumbani, mngurumo wa mashine. Hakuna aliyekwenda mbio. Walisimama palepale wakisikiliza mngurumo uchanganyike na pumzi, na pumzi ipate mwendo, ile puuu ya mtu anayepuliza kwenye chupa ikipungua mpaka ikapotea.

"Nilikuwa nakaa kwenye benchi mbele ya posta," alisema Asilimia, uso bado ukutani. "Asubuhi natoka na shati langu, nakaa pale mpaka jioni watu wanapotoka kazini. Natazama namba zenu kwenye simu. Saa za jua naona inapanda. Jioni naona mmewasha taa. Ukichemsha maji naona." Alivuta kamasi. "Ndicho kitu pekee kilichokuwa bado kinanisikiliza."

Mama Vifaranga alikuwa na hasira ya miezi mingi iliyokwisha kupangwa vizuri, maneno na yote. Sasa alikosa mahali pa kuiweka. "Kavue hilo shati," alisema hatimaye. "Utapata homa, na mashine ni moja."

Mwashi alifika na lori la kokoto likiunguruma getini, dereva wake akipiga honi. Aliingia mbio, akakuta taa inawaka, mashine inafanya kazi, na kaka yake amekaa kwenye kigoda jikoni amevaa fulana yake yeye Mwashi, iliyombana kifuani.

"Kaka! Umeifungua."

"Mkeo ndiye aliyeifungua."

Mwashi alimtazama mkewe, akataka kusema jambo, akaona heri akamlipe dereva usumbufu wake. Ilimchukua muda kurudi. Aliporudi alikuwa na uso uliooshwa, na alikwenda moja kwa moja kuchukua sufuria kutoka mikononi mwa mkewe.

*

Mayai mengi hayakupona. Siku iliyofuata Mama Vifaranga alifungua sanduku, akayagonga yaliyonyamaza moja moja kwa ukucha. Mengine yalikuwa na tundu tayari, na mdomo mdogo wa njano umebaki kwenye tundu hilo. Waliotoka walikuwa wachache kiasi cha kutosha kwenye beseni moja, na walipiga kelele kama wengi. Aliwatumia watu wawili watatu habari kwamba vifaranga walioahidiwa hawatakuwepo. Mmoja alimjibu maneno ya kumuudhi.

Mzee aliomba beseni liletwe chumbani kwake. Alilitazama kwa muda.

"Ungeniacha," alisema, "wangekuwa wengi."

"Baba, ukianza tena natoka."

"Nimesema tu."

Mawingu yalikaa. Betri ilishuka mpaka kumi na nne, ikapanda, ikashuka mpaka kumi na mbili. Waliiwasha mashine kwa vipindi, wakizima taa, wakizima kila kitu, na Asilimia alipanda ngazi kila mara sehemu ya anga ilipopata nuru, akifuta paneli ambazo zilikuwa safi tayari. Usingizi wa mle ndani ulikuwa wa kuku, wa jicho moja. Mtu akikohoa, watu wanne wanaamka. Mwashi na kaka yake walizungumza kidogo, mambo ya ngazi, mambo ya waya, na siku moja Mama Vifaranga aliwasikia wakicheka nyuma ya nyumba, akashangaa jinsi vicheko vyao vilivyofanana.

Halafu jua likatoka, kali, kama lilikuwa limekwenda kunolewa. Betri ikapanda mchana mmoja mpaka ikapita themanini bila mtu kuizuia. Jioni yake Mama Vifaranga alisimama mbele ya kioo, akafikiri sana. Kuishindilia mpaka mia kila siku ni kuiua. Hilo alilijua sasa kuliko alivyotaka kulijua. Kuiacha ishuke mpaka kumi kila wiki ni hivyohivyo. Akaweka tisini juu, ishirini chini, na akajiambia kwamba mawingu yakikusanyika ataibadilisha mwenyewe mapema, kabla mtu hajaanza kupigiwa simu.

Tangu hapo namba ile ilimwingia mwilini. Aliamka nayo. Alipita koridoni bila sababu. Mwashi akichaji simu, alimuuliza kama ilikuwa lazima. Mkwewe akisahau taa, aliizima bila kusema, lakini alivyoizima kulikuwa na maneno.

Kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi, ambako Mwashi alikuwa anajulikana, walitaka mtu wa kusimamia ghala. Asilimia aliambiwa aende akaonekane. Siku moja kabla, mchana, Mama Vifaranga alitoka kulisha vifaranga, akarudi, akatupa jicho kwenye kioo kama kawaida yake, akasimama. Wingu moja lilikuwa limekaa mbele ya jua na namba ilikuwa inashuka huku anaiona. Hamsini na tisa. Hamsini na nane. Kitu kikubwa kilikuwa kinakula umeme ndani ya nyumba yake.

Alifuata harufu ya kitambaa chenye joto mpaka sebuleni. Shemeji yake alikuwa ametandika blanketi juu ya meza, na pasi ya umeme aliyoazima kwa jirani ilikuwa mkononi. Alikuwa analinyoosha lile shati la ofisini, lililofuliwa likafuliwa tena na bado lina kivuli cha tope kwenye pindo. Alipoona kivuli mlangoni aliinua pasi haraka, mkono wa pili ukakimbilia kwenye swichi.

"Nazima, shemeji. Samahani. Nilikuwa namalizia."

Uso ulikuwa umemwiva. Mtu mzima, amesimama mbele ya meza na pasi hewani, akisubiri kuambiwa.

Mama Vifaranga alikuwa ameshafungua mdomo. Nyuma yake, koridoni, namba ilikuwa inaendelea kushuka. Aliijua bila kugeuka. Alivuta kiti, akakaa.

"Usizime," alisema. "Kola umeiruka."

Shemeji yake alilitazama shati, akamtazama yeye, akaishusha pasi. Alianza upande mmoja wa kola, polepole, akifuata mshono.

"Na upande wa ndani," alisema Mama Vifaranga, na akabaki pale, mikono imeshikana mapajani ili isiinuke, mpaka alipomaliza.